Tundu la Mtoto, Sarafu ya Mzee

Novemba 2016 nilimpoteza mume wangu, Dubai, katika hospitali ambayo madirisha yake hayafunguki. Alikuwa fundi seremala kwenye karakana moja ya Al Quoz, na alikuwa anakusanya sarafu za ukumbusho. Sisemi sarafu zilimuua. Daktari alisema ni mapafu, nami namwamini daktari. Lakini ninayajua yaliyotangulia, na ninayaandika kwa ajili ya wanaokusanya, wachague kidogo na wakimalize wakiwa na nguvu zao.

Dirham moja ya kawaida ina picha ya birika la kahawa. Mara moja moja, ukirudishiwa chenji dukani, unapata iliyo na picha nyingine: jengo, au mtambo wa mafuta, au alama ya shule fulani. Hizo hutolewa kukumbusha jambo. Wengi wetu tunazitumia bila kuzitazama. Yeye alizitazama. Alianza mwaka tuliomwacha binti yetu kwa mama mkwe, kijijini, magharibi ya Kenya. Mimi nilikuwa nasafisha ofisi Silicon Oasis, yeye mbao, na jioni tunakutana Karama kwenye chumba chetu kilichogawanywa kwa ubao mwembamba. Upande wa pili wa ubao tuliwasikia watu wakipiga chafya.

"Nitampelekea zote," alisema. "Ajue tulikuwa wapi."

Siku moja akarudi na kipande cha mbao ngumu ya msaji kilichobaki kwenye mlango wa nyumba ya tajiri. Alikuwa amekipiga randa mpaka kinateleza, kisha akakitoboa matundu safu kwa safu, kila aina ya sarafu na tundu lake. Hakuwa na sarafu za kujaza hata safu moja. Hivyo ndivyo mafundi wanavyofanya: hutoboa matundu yote kwa mara moja, mkono ukiwa bado haujachoka, ili yalingane. Aliusimamisha ubao juu ya kabati mkabala na kitanda. Matundu yakawa yananitazama nikivua viatu.

"Mzee, haya yote ni ya nini?"

"Ya sarafu, mama."

"Ziko wapi?"

"Zinakuja."

Nikamwambia anajua vizuri kwamba kwetu kaburi halichimbwi mapema likaachwa wazi. Likilazimika kulala bila mwenyewe, hulazwa mgomba ndani, kipande cha shina, ili lisiite mtu.

Akacheka. "Mgomba nitoe wapi Karama? Labda kwa Wahindi wa hapo chini, wale wanaokulia wali kwenye majani."

"Basi lete hata jani."

"Wewe kusanya majani, mimi nikusanye sarafu. Tutaona nani atatangulia kumaliza."

Ijumaa tulikwenda kwa bibi mmoja Mzanzibari mwenye duka la sarafu za zamani, chumba chembamba kati ya fundi cherehani na mtengeneza saa. Ndiye aliyekuwa amemweleza mume wangu aina zote za dirham za ukumbusho zilizopata kutoka. Sasa alitaka kumwonyesha ubao.

"Habari yako, mama," akamsalimu.

"Njema. Na shikamoo mmeiacha uwanja wa ndege?"

"Shikamoo, bibi," tukasema wote wawili.

"Marahaba. Haya, sasa mmekuwa watu. Hebu niuone huo ubao."

Aliupapasa ubao, akausifu, kweli aliusifu. Kisha akafungua mtoto wa meza akatoa dirham moja ya zamani, ya ukumbusho, nzito, imepoteza mng'ao. Akaiweka juu ya tundu la kwanza la safu ya juu, iliyokuwa ya zile za zamani. Haikuingia. Ilikaa juu yake kama kifuniko.

Hilo mume wangu hakulijua. Dirham za zamani zilikuwa kubwa. Miaka ya tisini wakazipunguza. Yeye alikuwa amepima kwa sarafu iliyokuwa mfukoni mwake.

"Umechimba tundu la mtoto," bibi akasema, "unataka kumlaza mzee."

Akacheka peke yake. Alipotuona akaacha.

"Sikiliza, mwanangu. Hizi kubwa ni chache, zinaenea kiganjani. Na zimechorwa na watu wasiokuwa na haraka. Kusanya hizi tu, ufunge kazi. Hizi ndogo hawajaacha kuzitoa, utazikimbiza mpaka lini? Marehemu wangu alizitaka zote. Haya unayoyaona humu dukani ni yake. Miye nauza kilichomshinda kumaliza."

"Bibi, nusu si zawadi."

"Nani kakwambia nusu? Nyumba ya watu watatu ni nusu ya nyumba?"

Mume wangu akaichukua ile sarafu akaijaribu tena juu ya tundu.

"Seti ndogo huisha," bibi akasema, "na kitu kilichoisha ndicho unachoweza kumkabidhi mwenzio. Mimi wateja wangu wote nawaambia hivyo, na nusu yao hawanisikii, ndiyo maana nala."

Njiani kurudi nilimwambia bibi amesema kweli. Akasema bibi ni mfanyabiashara. Nikamuuliza ni mfanyabiashara gani anayekuomba ununue kidogo. Akaongeza mwendo. Alikuwa ameukumbatia ubao kifuani, watu kwenye taa za barabarani wakimpisha kama aliyebeba mtoto.

Tundu lililokwisha kutobolewa halirudiwi kwa keekee ya kutobolea, maana ncha yake haina pa kushika. Hilo alinieleza mwenyewe. Basi safu ya juu akaipanua kwa mkono, kwa patasi na msasa, kila jioni akikaa ukingoni mwa kitanda, kiyoyozi kikimpulizia. Vumbi la msaji ni laini kama unga. Nililikuta kwenye mito, kwenye sukari, kwenye mikunjo ya sare yangu ya kazi. Nilimwomba afanyie kazi hiyo karakanani. Akasema huko mbao za watu zinamsubiri, na hii ni ya kwake.

Kukohoa kulianza kidogo, asubuhi tu. Mtu wa upande wa pili wa ule ubao wa chumba akagonga akasema, "Yalla, arbab, kunywa tangawizi," akimwita bosi kwa mzaha, tukacheka sote. Baadaye hakugonga tena. Alikuwa ananyamaza mpaka kikohozi kiishe, na ule ukimya wake ulinitisha kuliko kukohoa.

Sarafu ndogo zilikuja haraka. Madereva wa karakana walimletea, mwenye duka la mkate alimwekea. Zile kubwa zilikuja polepole kupitia kwa bibi, moja moja, na kila alipoipachika moja aliibonyeza kwa dole gumba mpaka ikatoa mlio mdogo. Alikuwa fundi. Hakutia gundi hata kidogo.

Daktari wa kampuni alimwambia aepuke vumbi na apumzike, na kama likizo imefika, aende nyumbani akapate hewa. Likizo ilikuwa imefika. Tiketi ya Agosti ilikuwa tayari. Mimi nilikuwa nataka jambo moja tu, apande ndege akiwa bado anapumua vizuri, amwone mtoto, alale kwa mama yake. Binti alishaambiwa. Mama mkwe alishatenga jogoo.

Safu ya juu ilikuwa imebakiza tundu moja, la mwisho kulia.

Bibi alisema kuna mtu Sharjah ana hiyo sarafu, na huenda akaileta. "Lakini wewe nenda kwenu," akamwambia. "Ikija nitakuwekea. Sarafu haiozi."

"Nikienda na tundu wazi nitakuwa nimekwenda na nini?"

"Na mwenyewe," bibi akasema. "Huyo ndiye anayengojewa."

Akaenda kwa msimamizi akaomba likizo isogezwe. Msimamizi akasema khalas, basi, mara moja tu. Ikasogezwa. Mtu wa Sharjah hakuja. Akaomba tena, na msimamizi, ambaye hakutaka kumkosa fundi mzuri wakati wa kazi nyingi, akakubali tena. Nilipojua, nilikuwa nimeshika sufuria ya sima, nikaiweka chini kwanza.

"Mzee, hilo tundu linakuita wewe."

"Mama, wacha maneno ya kwetu."

"Ni maneno ya kwenu pia."

"Inshallah Desemba," akasema. Alikuwa Mkristo kama mimi, lakini Dubai sote tunasema inshallah.

Ijumaa iliyofuata nilishuka kwa Wahindi nikaomba jani la mgomba. Mhudumu alidhani nataka chakula, nikamwambia nataka jani tupu. Akanipa, akinitazama. Nikakata viduara kwa mkasi, nikavilaza ndani ya kila tundu lililobaki, nikianza na lile la safu ya juu. Sikuona aibu. Ningekuwa na shina ningelaza shina.

Alipoamka akaviona. Alivitazama kwa muda, nikafikiri ataniambia asante au atanigombeza. Akainamia ubao akavipuliza vitoke. Vilitoka vyote, vikaanguka kitandani, na kule kupuliza kukamletea kikohozi ambacho hakikukata mpaka akashika kabati kwa mikono miwili. Ubao ukatikisika. Hakuna sarafu iliyoanguka.

Novemba alishindwa kupanda ngazi. Wenzake wa karakana walimpeleka hospitali kwa gari la kampuni, na vumbi la mbao lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Nilifika nikiwa na sare ya kazi. Alizungumza kidogo. Aliuliza kama bibi amepiga simu. Nikamwambia hapana, na ilikuwa kweli. Nilijua ningeweza kumdanganya kwamba imepatikana, akatulia. Sikuweza. Hatukuwa tumezoea kudanganyana, na sikutaka tuanze pale. Akasema, "Sawa tu." Usingizi ukamchukua, na hakuamka kutoka kwenye usingizi huo.

Karatasi za kusafirisha mwili zilichelewa. Kule nyumbani walishahesabu siku, wakachimba. Shemeji akanipigia nikiwa nimekaa kitandani, ubao mkabala nami. Akauliza habari ya ndege, nikamwambia tumeikosa, mpaka wiki ianze.

"Shemeji, tumeshachimba."

"Najua."

"Limelala wazi. Mama amesema tulaze mgomba. Tumelaza."

"Mmefanya vizuri," nikasema.

Kabla ya safari nilikwenda kwa bibi. Aliniita mwanangu akanishika mikono, na hakusema lolote juu ya sarafu mpaka nilipomuuliza. "Haikuja," akasema. "Mpaka leo sijui kama yule mtu alikuwa nayo au alikuwa na mdomo tu." Akataka kunipa nyingine kubwa, inayofanana, nizibe tundu. Nikamwambia hapana. Ilikuwa ya picha nyingine, na mume wangu angejua.

Nikauchukua ubao mpaka Al Quoz, kwa rafiki yake wa karakanani, Mganda, waliyekuwa wakishirikiana meza moja.

"Nyabo, hili tundu naweza kuliziba kwa msaji uleule," akasema, akiniita mama kwa Kiganda. "Jicho halitaona."

"Usizibe. Kata."

"Nikate wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Kwanza chini ya safu ya juu, aitenge na safu nyingine zote. Kisha kulia, kabla ya tundu la mwisho.

"Ubao mzuri huu, nyabo. Alikaa nao sana."

"Kata, ssebo," nikamwita bwana kwa lugha yake.

Akapima mara mbili, akakata. Nilisimama nje mpaka mashine ikazimwa. Alinipa kipande kisichozidi urefu wa kiganja na vidole, kingo zake amezipiga msasa, sarafu kubwa za zamani zimekaa ndani na hakuna tundu lililo wazi. Ilikuwa ile seti ndogo aliyoambiwa na bibi tangu Ijumaa ya kwanza, kasoro moja. Zile ndogo nilizing'oa, nikazitumia kwa mkate na dobi, kama watu wengine. Ubao uliobaki nilimwachia Mganda, na sikumuuliza atafanyia nini.

Tulimzika Jumanne. Shemeji alishuka akautoa mgomba, akaupitisha juu, mtu akaubeba akautupa penye ua. Ulikuwa umeanza kulowa. Baada ya watu kula na kuondoka nilimwita binti yangu jikoni nikampa kipande cha ubao. Alikitazama pande zote.

"Ndizo zote?" akauliza.

"Ndizo alizomaliza."

Akaipitishia ukucha sarafu ya mwisho, ikatoka, akaigeuza kuona nyuma kuna nini. Kulikuwa na maandishi tu. Akairudisha akaibonyeza kwa dole gumba, upande wa maandishi ukiwa juu, akaenda kumwonyesha bibi yake.