Kidonda cha mgongo kilichokataa kufunga, na siku niliyoingia chumba cha oksijeni

Wakuu, bwakire, kama tunavyosalimiana kwa Kigusii. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na kovu ninalo mgongoni.

Mimi ni mwalimu wa chekechea huku Ikonge. Tangu niwe msichana mgongo wangu ulikuwa umepinda kama herufi S. Ikafika mahali mbavu zinanibana hadi kupumua ni kazi.

Nikafanyiwa surgery Nairobi. Mgongo ukanyooshwa, ukafungwa vyuma. Nikaamka mrefu kuliko mama! Alilia na kucheka kwa pamoja.

Shida ikaja baadaye. Sehemu ya chini ya kidonda ilikataa kufunga. Ikatoa maji, halafu usaha. Nikarudishwa theatre nikaoshwa, nikapewa dawa kali. Bado.

Daktari hakunificha. "Uambukizo ukifika kwenye vyuma, huenda tukalazimika kuvitoa."

Yaani nirudi nilivyokuwa. Hapo niliogopa kuliko siku ya upasuaji.

Akashauri tuongeze tiba ya oksijeni. Unalala ndani ya kitu kama bomba kubwa la kioo, mlango unafungwa, presha inapandishwa, unavuta oksijeni tupu ili ifike kwenye nyama isiyopata damu vizuri.

Siku ya kwanza masikio yaliziba, nikagonga kioo. "Nitoeni!"

Mhudumu akanijibu kwa spika, "Tutakutoa dada, lakini polepole. Presha haishushwi ghafla. Meza mate."

Mama, aliyekuwa amekaa nje ya kioo, akaomba maiki ya mhudumu. Akaanza kunipa habari za nyumbani kwa Kigusii: ng'ombe wa jirani ameingia kanisani katikati ya maombi, na pasta hajui amfukuze au amalizie amina kwanza.

Nikacheka. Masikio yakafunguka, pah! Nikamwambia mhudumu, "Endelea."

Nilirudi tena na tena kwa wiki kadhaa. Nyama ikaanza kuwa nyekundu, kidonda kikajaa kutoka ndani, kikafunga. Vyuma viko mpaka leo.

Niwe mkweli, haikuwa oksijeni peke yake. Kulikuwa na dawa, kuoshwa, na mayai aliyonipikia mama. Na si kila mgonjwa anafaa kuingia mle, lazima upimwe kwanza.

Nilichojifunza: kidonda cha upasuaji kikianza kutoa maji, usikipake dawa ya jirani. Rudi kwa aliyekupasua, muulize bado kuna njia gani.

Kama una mgonjwa ameambiwa aingie chumba hicho na anaogopa, andika hapa chini. Nitaongea naye mwenyewe, hata kwa Kigusii.