Mto Wenye Harufu ya Mashine

Kila nikianika mto wangu juani, hapa Kikula, mtaa wa Likasi, unatoa harufu ya mafuta ya mashine. Si harufu kali. Inakuja polepole, pamba ikishapata moto, imechanganyika na vumbi na kitu kama karanga mbichi. Majirani wananicheka, eti msichana mzima analalia injini ya lori. Nami nacheka nao, halafu naingia ndani kidogo, maana harufu ile ikinishika lazima nikae.

Ukoo wetu ulikuwa ukoo wa mashine ya pamba. Baba wa babu yangu ndiye mtu wa kwanza upande ule, ukipita Kambove halafu siku nzima ya lori, kusimamisha mashine yake mwenyewe ya kuchambua pamba. Kabla yake watu walibeba pamba mgongoni siku tatu kuifuata mashine ya Wazungu. Alipokufa ilibaki kwa babu, ambaye sisi tunamwita Kambo. Baada ya Kambo ingekuja kwa baba yangu, lakini baba alikuwa ameshashuka Likasi, anavunja mawe kule Kakontwe. Na wakulima nao walikuwa wanaacha pamba mmoja mmoja, huyu kwa mahindi, yule kwa machimbo.

Mwaka niliotimiza miaka tisa, likizo ya kiangazi, baba alinipeleka kwa Kambo nikamtunze, kwa sababu bibi alikuwa amekufa. Kabla ya kupanda lori kurudi mjini, alimwambia Kambo, bila kumtazama usoni, kwamba amepata mnunuzi wa vyuma chakavu. Wakapatana hivi: pamba ikija, hata gunia moja, mashine itabaki mwaka mwingine. Isipokuja, mwisho wa likizo itakatwa na kupakiwa. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, nimekumbatia mto wangu. Bibi ndiye aliyenishonea, akaujaza pamba ya mashine yetu.

Basi tukangoja.

Kiwanda chetu kilikuwa banda refu la mabati. Kila asubuhi Kambo alifagia sakafu isiyokuwa na uchafu, akaipaka mashine mafuta, akakaa kwenye benchi la wakulima kuangalia barabara. Hakuiwasha. Kwetu ilikuwa mwiko kuiwasha mashine tupu. Msimu hufunguliwa na mkulima wa kwanza: yeye ndiye anayekunywa munkoyo wa kwanza, kinywaji chetu cha mahindi, katika kopo la mwenye mashine, na yeye ndiye anayevuta mkono wa kuiwasha. Mwenyewe hana ruhusa. Kwa hiyo kila wiki tulipika munkoyo wa mgeni, na kila wiki ulichacha tukaumwaga.

Kimya cha banda lile nakisikia mpaka leo. Mchana mabati yalijinyoosha kwa jua, kwaa, kwaa, na mimi nikageuza kichwa nikidhani mtu amebisha. Nilicheza na mizani mikubwa, najipima, kila siku uzito uleule. Kambo aliniita Mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, lakini siku nyingine aliniita mara moja tu, wakati wa ugali.

Zilipobaki siku tatu lori lije, Kambo alienda mtoni kuoga. Nikachukua wembe, nikapasua mto wangu. Pamba yote nikaishindilia ndani ya gunia, nayo haikufika hata nusu, nikaliweka juu ya mizani. Aliporudi nikamwambia kuna muntu wa kinga, yaani wa baiskeli, ameliacha, alikuwa na haraka.

Kambo akatoka kuangalia barabara. Vumbi lilikuwa laini kama unga, na juu yake hapakuwa na alama ya tairi lolote, ila miguu ya kuku. Akarudi. Akaingiza mkono ndani ya gunia, akauacha humo muda mrefu.

“Na huyu mulimi iko wapi?”

Nikasema ameenda.

“Basi weye njo utasimama pa nafasi yake. Ikala, Mama.”

Nikakaa kwenye benchi la wakulima. Akanimiminia munkoyo katika kopo lake, akangoja nimalize. Kisha akaweka mkono wangu kwenye ule mkono wa chuma. Mashine ikakohoa, banda zima likatetemeka, njiwa wakatoka darini. Kambo akaanza kuilisha pamba.

Sasa, pamba ya shambani ina mbegu, na mbegu zikiangukia bati la chini zinapiga kelele kama mvua. Mimi ni mtoto wa mjini. Sikuwaza kwamba pamba ya mto ilishapita humo zamani. Nikangoja mvua. Bati likanyamaza. Kambo alilisha mpaka mwisho, akazima, akasikiliza gurudumu mpaka likasimama kabisa. Ndevu zake zilikuwa zimejaa pamba.

“Kambo, haina mbegu,” nikasema, na machozi yakaanza.

“Ninaona. Ni pamba ya safi. Bengine bananiletaka pamba na mawe ndani.”

Baba alifika siku ya tatu na watu wa vyuma. Nikajificha nyuma ya mizani.

“Pamba ilikuya?” baba akauliza.

“Ilikuya,” Kambo akajibu, akaonyesha lile gunia tupu. “Saki moja. Tulifungula, tukatumika kazi, tukafunga.”

Baba akavua kofia. Akasema basi, maneno ni maneno, mashine itabaki. Nilikaribia kuruka kwa furaha. Lakini Kambo akatikisa kichwa.

“Hapana. Sasa munaweza kukata.”

Tulirudi Likasi pamoja, yeye na mimi juu ya vile vyuma, na njiani akairudisha pamba ile ndani ya mto wangu, akaushona kwa sindano ya magunia. Miaka mingi niliamini aliniadhibu kwa uongo wangu. Sasa ni mtu mzima, nami naona vingine. Kambo alijua hakuna atakayekuja. Kilichomkaa rohoni ni kufunga mlango wa msimu ambao haukufunguliwa, na kuufungua peke yake hakuweza. Alihitaji mtu aje na gunia. Na alipoingiza mkono ndani yake, nafikiri alijua mara moja ni pamba ya nani, na mto ule nani aliushona.

Nilidhani nilimpelekea uongo, naye akashindwa kuuamini. Kumbe alinipokea kama mkulima. Kopo lake nililimaliza lote.