Chungu cha Watawa na Vyungu vya Mama

Kanisa letu la Rissne lilikodi basi kutupeleka wazee kwenye makumbusho ya vitu vya kale, nje kidogo ya Stockholm, hapa Sweden. Jengo lenyewe zamani lilikuwa la watawa wa kike. Kuta nene, madirisha madogo, baridi ndani hata mwezi wa Juni. Nilikwenda kwa sababu dada yangu mkubwa, anayekaa Farsta, alikuwa anakwenda. Kuna jambo nilikuwa sijamwambia tangu ujana wetu.

Katika chumba cha watawa cha kulia chakula, ndani ya kabati la kioo, kulikuwa na chungu kikubwa. Kimeungwa kigae kwa kigae, na palipokosekana kigae pamezibwa kwa plasta ya kijivu. Binti aliyetutembeza alisema watawa walipikia pombe humo.

Mzee wa kanisa alicheka. "Twendeni mbele, wapendwa. Pombe ya wazungu inatuhusu nini?"

Wenzangu wakamfuata. Mimi sikwenda.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kule Burundi, nimemaliza sekondari na nimeokoka juzi tu, nilipovitoa uani vyungu vya mama vya pombe ya mtama na kuvipiga kwa jembe. Mhubiri alisema tuache kunywa. Kuvunja nilijiongezea mwenyewe, ili watu waone. Mama aliporudi kutoka shambani alifagia vigae, hakunifokea. Ila tangu siku ile hakunipakulia tena chakula. Dada ndiye aliyenipakulia, mpaka nilipooa.

"Mzee, basi linasubiri," mzee wa kanisa aliita kutoka mlangoni.

"Lisubiri, au liende. Hawa walisali mchana na usiku na pombe wakapika, na chungu chao kimetunzwa. Vya mama yangu nilivivunja mimi, nikaviita vya shetani. Nilikosea. Usiniambie nisonge mbele."

"Hayo ulishasamehewa, mzee. Yaache."

"Aliyenisamehe si mama."

"Basi nitakuombea."

"Omba. Mimi nipo hapa."

Dada alikuwa amebaki nyuma yangu, mkoba wake tumboni. Nikamgeukia. "Dada, vile vyungu viwili, nisamehe."

"Vitatu," alisema. "Kile kidogo nilikifinyanga mimi. Nilikuwa nakiweka cha kwenda nacho nikiolewa."

Kile kidogo sikukihesabu, wala sikujua kilikuwa chake. Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Ulikuwa unahubiri, mdogo wangu. Nani angekukatiza?"

Nikamwomba radhi upya, kwa kile cha tatu, mzee wa kanisa akisikia. Dada hakusema amenisamehe. Aliinama karibu na kioo, akakagua chungu cha watawa.

"Wameziba vibaya," alisema. "Mdomo umekwenda upande."

Basi liliondoka bila sisi. Tulikaa kwenye benchi mpaka wakati wa kufunga, dada akinionyesha, kwa vidole juu ya mkoba wake, jinsi mdomo wa chungu unavyozungushwa.