Misukule Hawaliliwi

Ukitaka kushinda ukiwa upande wa wafu, cha kwanza ni kuacha huruma. Alinifundisha hivyo mdogo wangu wa kiume, na kabla sijamwelewa alikuwa ameshanifunga mara kumi na moja mfululizo, kwenye kompyuta yangu mwenyewe, ndani ya duka langu mwenyewe.

Mimi nina duka la stesheneri hapa Ifakara. Natoa kopi, nachapa barua za watu, nauza kalamu na bahasha. Yeye alikuwa dereva wa mashine ya kuvunia kwenye shamba kubwa la mpunga kule Mngeta, na kila akipata siku ya mapumziko alikuja dukani na vumbi bado limemjaa masikioni. Ndiye aliyeliweka lile gemu. Ni gemu la vita, na lina majeshi manne: watu, wale wa msituni wenye masikio marefu, majitu ya milimani, na wafu. Wafu wenyewe wameandikwa kwa Kiingereza, jina refu, lakini nani hapa kwetu atakaa atamke yote hayo? Tuliwaita misukule, kama ambavyo mtu yeyote wa hapa angewaita. Msukule kila mtu anamjua hata kama hajawahi kumwona: amekufa kwa macho ya watu, kumbe mchawi kamchukua, ninyi mmezika mgomba. Yeye yuko mahali analima mashamba ya mwenzake, ulimi kakatwa, analishwa pumba.

Mwanzoni nilikuwa nikipigwa kwa sababu nilikuwa nawaokoa. Mmoja akibaki na nguvu kidogo namrudisha nyuma, nahangaika naye, huku mbele kumebomoka.

"Dada, unacheza kama nesi," aliniambia mdogo wangu. "Msukule hatibiwi. Akianguka, inua mwingine."

Na ndiyo siri yenyewe. Misukule ni wazito wa kutembea na mmoja mmoja hana maana, lakini hawali, kwa hiyo hawakugharimu chakula, na hawaogopi. Jeshi la watu likipoteza nusu linakimbia. Misukule hata abaki mmoja atasimama palepale alipowekwa. Basi unawapanga mbele kama ukuta, wengi, hovyohovyo, adui aje ajichoshe kuwakata. Humkimbizi, humfuati kwake. Unamsubiri pale ambapo wameshakufa wengi, kwa sababu kila aliyelala pale, wako au wake, ni askari wako wa baadaye. Kitu kimoja tu unakilinda kuliko mboni ya jicho: mganga anayewainua. Huyo anakaa nyuma kabisa. Mganga akifa, wote wanaporomoka kwa pamoja kama mchanga. Na moto, uuogope moto. Mengine yote hayana haja ya moyo.

Mdogo wangu aliugua mpunga ukiwa umeanza kutoa masuke. Alifika kwangu Jumamosi na homa, Jumapili nikampeleka hospitali, Jumanne saa nne asubuhi akafariki. Hapo katikati sina cha kusimulia, kwa maana hakuna aliyefanya kosa na hakuna kilichosahaulika. Waliokuwa na kazi ya kumtibu walimtibu. Mama alikuwa shambani kwake Michenga, juu ya dungu, anafukuza ndege, simu yake imeisha chaji tangu siku iliyotangulia. Alipofika mjini alimkuta mwanawe tayari yuko chumba cha maiti. Nilikuwa peke yangu na marehemu mpaka mwisho, na mama hakuniuliza ilikuwaje, nami sikumwambia.

Tulimzika nyumbani Katindiuka. Wakati wa kulinyanyua jeneza, mtani mmoja wa ukoo wetu alishika upande wa mbele, akalipimapima, akasema kwa sauti kubwa, "Jamani, mbona jepesi hivi? Mmemtia nani humu, mgomba?"

Mtani ana haki yake msibani, na hachukiwi. Watu walicheka, wazee nao wakacheka, kwa sababu ndiyo kazi ya utani, kuwapa waliofiwa pumzi kidogo. Mimi nilicheka kuliko wote. Machozi sikuwa nimetoa hata tone tangu Jumanne ile, na sasa nacheka, tena mbele ya kaburi la ndugu yangu wa tumbo moja. Mama hakucheka. Alimtazama mtani, akalitazama jeneza, halafu akanitazama mimi.

Tulipomaliza matanga nilifungua duka. Watu wakasema nina moyo mgumu. Sikuwa na moyo mgumu, sikuwa na kitu chochote. Nilikula nilichopewa, nilisema asante, nilitoa kopi pande zote mbili pale mtu alipotaka upande mmoja. Mchana, wateja wanapopungua, nilicheza na jirani yangu, Msukuma mmoja anayeuza dawa za mifugo duka la pili. Wazazi wake walihamia bondeni huku na ng'ombe zao, yeye akaona heri kuuza sindano kuliko kutembea na mifugo. Waya wa kuunganisha kompyuta zetu tuliupitisha juu ya ukuta, na tulikuwa tunatupiana maneno kupitia hukohuko juu.

"Dada, leo nawachoma moto wote!"

"Njoo. Umechelewa wapi?"

Sikuwahi kucheza vizuri kama majuma yale. Jirani alikuwa hodari, lakini hakunifunga hata mara moja. Nilikuwa naweka misukule mia mbele, wanakatwa, nawaangalia, nainua wengine. Yale ambayo mdogo wangu alinihangaikia mwaka mzima nisiyaelewe, sasa yalikuja yenyewe bila kufikiri. Siku moja jirani aliniuliza kama nimelala usingizi huku nacheza, maana sikushangilia. Nikamwambia niko macho.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, aliingia dukani katikati ya vita moja ya aina hiyo. Alileta kitambulisho chake nimtolee kopi. Nikakiweka kwenye mashine, na kabla sijabonyeza, jirani akaleta wapanda farasi wake ubavuni kwangu. Nikasahau kuwa nina mgeni.

"Wewe!" nikapiga kelele. "Usiguse misukule wangu! Hao nimewaweka shambani, wana kazi. Na yule mpya niliyemwinua leo yuko nyuma kwa mganga, humpati!"

Nilipogeuka, mama mdogo alikuwa ameshatoka. Kitambulisho kilibaki ndani ya mashine. Nilikipeleka kwake mwenyewe kabla ya jua kuzama, akakipokea kwa ncha za vidole, akasema akiwa anatazama pembeni, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nilidhani analaumu mchwa, kwa sababu kuta zake zimeliwa. Kweli, nilidhani hivyo.

Wiki hiyohiyo nikaleta gunia la pumba nyumbani kutoka mashine ya kukoboa mpunga. Mama aliyekuwa ameketi anachambua mchele alisimama, akaja akaligusa gunia.

"Pumba hizi za nani?"

"Za kuku, mama."

"Kuku wanne?"

"Wanne, mama. Nimeona heri ninunue nyingi kabisa."

Akarudi kwenye mchele wake. Kuanzia siku ile akawa ananiuliza natoka wapi, nakwenda wapi, na kwa nini sishindi nyumbani Jumapili. Wateja nao wakapungua. Mwalimu mmoja aliyekuwa ananiletea mitihani nichape alianza kuipeleka duka la ng'ambo ya barabara, na nilipomsalimia alijibu huku anatembea. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja; mimi nilikuwa nimelisema mwenyewe kwa mdomo wangu, tena kwa kupiga kelele.

Aliyenifungua macho ni jirani. Alikuja na soda mbili, akakaa kwenye stuli ya wateja, akanieleza yale aliyoyasikia kwa wanunuzi wake. Kwamba ndugu yangu hakufa. Kwamba ule uso uliooneshwa kanisani ni kiini macho. Kwamba dada mtu ndiye anaye, ndiyo maana hakulia, na ana shamba mahali anamlimisha.

Nilicheka tena.

"Usicheke, dada," alisema. "Kwetu kule shangazi yangu aliondolewa kijijini kwa neno dogo kuliko hilo. Alihama na sufuria moja. Nenda ukamwonyeshe mama hilo gemu kabla hawajaitana."

Niliogopa, nakiri. Ilikuwa mara ya kwanza nahisi chochote tangu Jumanne ile, na kilikuwa ni woga wa kujihurumia mwenyewe. Nikaanza kupanga maneno ya kujitetea, nikayapanga hata niliyajua kwa kichwa. Lakini sikuhitaji kwenda, kwa sababu mama alinitangulia. Alikuja dukani Jumatano, mchana kweupe, amevaa khanga zake mbili za msibani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Funga mlango kidogo."

Nikaurudisha mlango. Akakaa kwenye stuli, akaviweka vifuko vya chumvi na sukari chini, akaiweka mikono mapajani.

"Mama yako mdogo anataka kikao cha ukoo," alisema. "Nimemwambia asubiri. Mwanangu, mimi sikuja kugombana. Kama unaye, sitamwambia mtu. Nirudishie tu. Hata kama ulimi hana. Hata kama hanitambui. Nitamlea upya, nilishawahi kumlea."

Yale maneno yangu yote yakawa hayana pa kukaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu anayenishitaki. Huyu alikuwa anaomba.

Nikaigeuza kompyuta upande wake. Vita ya mimi na jirani ilikuwa imesimama palepale tulipoiacha. Nikamweleza pole pole kwamba hiki ni kitu cha kuchezea, marehemu mwenyewe ndiye alikileta, na misukule niliokuwa nawapigia kelele ni hawa hapa, picha tu. Mama alisogeza uso mpaka karibu na kioo.

"Ndio hawa?"

"Ndio hawa, mama."

"Yupi?"

"Hayumo, mama. Hawa si watu."

Nikabonyeza ili aone wanavyotembea. Walijikokota kwenda mbele, wapanda farasi wakawaingia. Mama alikuwa anafuatisha kwa kidole, bila kukigusa kioo.

"Wanachoka?"

"Hawachoki."

"Wanakula nini?"

"Hawali."

"Huyo kaanguka. Mbona humwinui?"

"Nitainua mwingine."

Aliondoa macho kwenye kioo, akaniangalia mimi. Alikuwa ameshaelewa. Mama si mjinga, ameendesha shamba lake peke yake tangu baba alipotuacha, na gemu alilielewa haraka kuliko mimi nilivyolielewa.

"Kwa hiyo hapa hayupo," alisema.

"Hayupo."

"Na kwingine?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Jambo langu lilikuwa limeisha, nilikuwa nimeshinda, hakuna ambaye angenishika tena na uchawi. Kwingine kulikuwa ni kwa mtu mwingine, mchawi mwingine, shamba jingine huko mbali, na mama angeweza kuendelea kumtumaini huko kwa muda anaoutaka. Msukule hurudishwa, watu wanasema. Kuna waliowaona waliorudi. Haikunigharimu chochote kusema, "Sijui, mama."

Nilimjibu kama ninavyocheza.

"Nilikuwa naye, mama. Alikata roho saa nne asubuhi, kaushika mkono wangu huu. Alikutaja wewe, halafu hakusema tena. Mimi ndiye niliyemfumba macho. Tulimzika yeye, hatukuzika mgomba."

Mama hakulia. Alikaa vilevile, mikono mapajani. Juu ya ukuta jirani akaita, "Dada, vipi, umekimbia vita?" Mama akaanza kuokota vifuko vyake kimoja kimoja, akasimama, akajifunga khanga vizuri kiunoni.

"Ungenidanganya," alisema. "Hata mpaka tuvune."

Akafungua mlango mwenyewe akatoka.

Mama aliwaambia alichokiona dukani, na kikao hakikuitwa. Mama mdogo alirudi na kitambulisho chake nikamtolea kopi, mwalimu akarudi na mitihani yake, na kila mtu akawa ananisalimia kwa kirefu kuliko zamani, kama watu wanavyofanya wakishakukosea. Mama alirudi Michenga kwenye dungu lake. Mpunga ulipoiva nilifunga duka nikaenda kumsaidia. Tuliuvuna wote, sisi wawili, kila mtu na mundu wake. Aliniambia niletee maji, funga lile tita, jua limekuwa kali tupumzike. Siku zote zile hakuniita mwanangu hata mara moja.