Modemu Iliyolala Isiamke

Ipo Jumatatu moja ya masika ambayo nikiikumbuka mpaka leo uso unanichoma, na kwa hiari yangu nisingeisimulia kwa mtu. Lakini jana, mwanangu, uliniachia karatasi mezani niisaini. Umeandika kwamba laptopu ya mwalimu wa Maguu haina ubovu wowote, ila ikifunikwa inalala na ikifunuliwa haiamki. Haina ubovu, ila haiamki! Kwa hesabu hiyo hata maiti hana ubovu. Kisha kwenye mstari wa sababu ukaandika maneno matatu: "Mtumiaji hajui kutumia." Chai yangu ilipoa hapohapo, sikuigusa tena.

Nimekasirika. Nakuambia wazi usije ukadhani uzee umenifundisha kuzungukazunguka. Nyinyi mnaokuja kujifunza kwenye karakana yangu hapa Mbinga mjini mnaniona mama wa mvi na miwani, mnadhani nilizaliwa na bisibisi mkononi na hekima kichwani. Hamjui kwamba maneno kama yale niliyaandika mimi kabla yenu, na yalitaka kumla mtu mzima asiye na kosa. Basi kaa, unisikilize.

Nilikuwa msichana wa Matiri, nimetoka chuoni, cheti hakijapata hata vumbi. Mradi mmoja, ambao jina lake nalihifadhi, ulinipa kazi ya kufunga kompyuta ndogo kwenye zahanati moja ya mwambaoni mwa ziwa, upande wa Mbaha. Siku hizo mwambao wote bado ulikuwa chini ya Wilaya ya Mbinga. Kazi ya kompyuta ile ilikuwa moja tu: kulilinda friji la chanjo. Kila baada ya robo saa isome joto la friji, na likizidi nyuzi nane itume meseji kwenye simu ya muuguzi. Meseji ilipita kwenye modemu, kidude kidogo chenye laini ya simu, kilichochomekwa ubavuni mwa mashine.

Muuguzi mwenyewe alikuwa Mama Eufrasia, mzaliwa wa Maguu, mtu wa maneno machache, amebakiza miaka miwili astaafu. Nilipomweleza kazi ya ile mashine aliuliza swali moja. "Kwa hiyo Jumapili naweza kwenda misa bila kurudi katikati kuchungulia friji?" Nikamwambia aende na roho nyeupe. Baadaye nilikuja kusikia alimwomba padre ruhusa ya kuingia kanisani simu ikiwa na sauti, kwa sababu yangu.

Sasa, umeme wa pale ulikuwa wa sola, na masika mawingu ya ziwani yakikaa yamekaa. Ili betri isiishe ilinilazimu kuilaza kompyuta kati ya usomaji mmoja na mwingine. Unajua, maana nimekufundisha, kwamba kompyuta iliyolala haijazimika. Inapunguza pumzi tu, na saa yake ya ndani inaiamsha. Lakini kila kifaa kilichochomekwa kina draiva yake, kile kiprogramu kinachokijua, na hiyo draiva ndiyo inayokilaza na kukiamsha. Mama mwenye nyumba akiamka, haimaanishi watoto wote wameamka.

Nililijaribu jambo hilo hapa Mbinga. Mara kumi mashine ililala na kuamka vizuri, nikajiona fundi wa mafundi. Mara ya kumi na moja ikaamka, modemu haikuamka. Skrini ikajaa mistari ya makosa kutoka juu hadi chini. Unajua nilifanya nini? Nilizima, nikawasha, modemu ikarudi, nikasema ni bahati mbaya ya siku moja. Wala sikusoma hata mstari mmoja. Na kwa kuwa siku ya uzinduzi ilikuwa karibu, na sikutaka wageni waone mistari ile ikiniaibisha kwenye skrini, niliandika amri fupi ya kuizuia mashine isionyeshe makosa wala isiyahifadhi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo niliijua tangu darasa la tatu, na haikunisaidia kitu.

Wageni walipiga makofi. Nilipigwa picha nimeshika kipanya, kana kwamba kipanya ndicho kilichofanya kazi.

Mwezi haukuisha. Jumamosi moja, Mama Eufrasia akiwa amekwisha kufunga zahanati, panya alitafuna waya wa friji. Friji likaanza kupata joto. Kompyuta iliona, maana yenyewe ilikuwa na waya wake. Ilijaribu kutuma meseji. Modemu ilikuwa imelala na draiva yake haikuweza kuiamsha. Ikajaribu tena robo saa iliyofuata, na iliyofuata, na makosa yote iliyoyaona ikayatupa kama nilivyoiamuru. Jumapili Mama Eufrasia aliketi kanisani na simu yake kwenye mkoba, sauti juu, na simu haikulia. Kwake ukimya ule ulikuwa na maana kwamba friji ni zima.

Jumatatu ilikuwa siku ya kliniki. Akina mama walikwisha fika na watoto, wengine kwa mitumbwi na ziwa limechafuka, wengine kwa miguu kwenye tope. Alipofungua friji, alama za chupa, zile zinazoonyesha joto limezidi, zilikuwa zimegeuka rangi na chanjo yote ilikuwa ya kutupwa. Aliwarudisha nyumbani, mmoja mmoja, kadi zikiwa mikononi.

Mimi nilifika Jumanne. Hapa ndipo pa kuniaibisha, kwa hiyo usikilize vizuri. Sikuifungua kompyuta kwanza. Nilifungua mdomo. Niliona chaja ya simu karibu na mashine, nikaipata sababu yangu imelala mezani tayari. Nikazima, nikawasha, modemu ikaamka, na kwa kufanya hivyo nikafuta na ushahidi kidogo uliokuwa umebaki. Nikaandika kwenye ripoti kwamba mtumiaji alichomoa modemu ili achaji simu. Nikasaini kwa madaha, mkia wa herufi ya mwisho ukafika pembeni mwa karatasi.

Ripoti ilipanda wilayani. Ikashuka barua: Mama Eufrasia ajieleze kwa nini asiachishwe kazi. Miaka yote aliyozalisha watu kwa mwanga wa kibatari, na sasa mkate wake unaning'inia kwenye sentensi yangu.

Alipanda hadi Mbinga na barua ile, akanikuta ofisini kwetu. Nilisimama nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kukunja uso. Hilo peke yake lilinitisha. Akakaa, akaweka barua magotini.

"Wewe si mtoto wa Matiri?" akaniuliza. "Mama yako analima ngolo?"

"Analima, mama."

Wewe, mwanangu, umekulia mjini, kwa hiyo nikukumbushe. Kwetu milimani shamba halichimbwi matuta ya kawaida, mvua ingelibeba lote. Baba anafyeka majani na kuyapanga miraba mteremko mzima, mama anachimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia majani. Shamba linabaki na mashimo, safu juu ya safu, na kila shimo linashika maji yake. Shimo moja la juu likipasuka, maji yake yanalijaza la chini yake, nalo linapasuka, hivyo hivyo hadi tope linafika njiani.

"Tope likifika njiani," akasema, "mama yako anaanzia wapi?"

"Anapanda juu. Anatafuta shimo la kwanza lililopasuka."

"Hamgombezi mpita njia aliyelikuta tope?"

Nikasema hapana.

"Basi mpita njia ni mimi. Sijagusa hata uzi wa mashine yako, binti yangu. Simu yangu naichaji nyumbani, ile chaja ni ya mkunga mwenzangu na imekatika tangu mwaka jana. Nenda ukapande."

Angenitukana ningepata pa kujitetea.

Nilishuka naye ziwani kwa gari lile lile lililomleta. Nikaifuta amri yangu ya ukimya, mashine ikaanza tena kuandika kila inachokiona. Nikailaza, nikaiamsha, nikaweka alama kwenye daftari. Nikailaza, nikaiamsha. Nje watoto walikuwa wanafukuza kunguru kwenye usipa, dagaa wa ziwani, uliotandazwa, na mimi ndani nalaza na kuamsha, siku nzima, na siku ya pili. Ilipofika mara ambayo modemu haikuamka, mistari ilimwagika kama zamani. Safari hii sikuangalia ile ya chini iliyokuwa inapiga kelele kwamba meseji imeshindikana. Nilipanda, mstari kwa mstari, mpaka nikafika ule wa kwanza kabisa. Ulikuwa mfupi na mpole. Draiva ya modemu ilisema kwamba imekiamsha kifaa na kifaa hakikujibu. Yote yaliyofuata yalikuwa tope.

Tiba yake haikuwa hata na ukubwa wa kujivunia. Niliiagiza draiva ile isiilaze modemu kamwe, na umeme ulioongezeka kutumika nikaufidia kwa kuzima skrini, ambayo hakukuwa na mtu wa kuitazama usiku kucha. Kisha nikalaza na kuamsha tena mpaka daftari likajaa, na modemu haikukosa hata mara moja. Kazi ya siku mbili. Ningeifanya Mbinga kabla ya makofi, Mama Eufrasia asingeijua hata rangi ya bahasha ile.

Niliporudi nikamwambia mkuu wangu nataka kuiondoa ripoti. Akacheka. "Ya nini kujichafua? Barua imekwisha kwenda, na yule mama karibu anastaafu." Mwanangu, maneno yale bado yananipandisha hasira miaka yote hii. Karibu anastaafu! Kana kwamba heshima ya mtu inapungua bei kadiri anavyozeeka. Na hasira yangu ilikuwa na aibu ndani yake, kwa maana yeye alikuwa anasema kwa mdomo kile nilichokwisha kukifanya kwa kalamu. Nyani haoni kundule. Nikaandika barua yangu mwenyewe, kwamba kosa ni la fundi na fundi ni mimi, nikaipeleka wilayani kwa mkono wangu. Wakamfutia shauri lake. Mimi mradi ule haukuniongezea mkataba.

Nilidhani yameisha. Nikampelekea nakala ya barua, akaisoma mara mbili, akaikunja.

"Hii imeniosha ofisini," akasema. "Kwenye kliniki bado ni mchafu. Wale mama wanasema nilichomoa friji nikachaji simu. Wengine hawaleti tena watoto. Jumatatu uje useme."

Jumatatu nilisimama mbele yao, kwenye baraza la zahanati, akina mama wamekaa sakafuni na watoto mapajani. Nilianza kwa maneno makubwa, mfumo, draiva, usimamizi wa umeme. Hawakunielewa. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akainua mkono.

"Samahani, dada. Hiyo mashine ilijua friji limeharibika?"

"Ilijua."

"Ikataka kusema?"

"Ilitaka."

"Wewe ndiye uliyeifunga mdomo?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

Akageuka akamwambia Mama Eufrasia, "Tusamehe, mama." Walimwomba msamaha yeye, mbele yangu, kwa uongo wangu mimi. Nilitamani sakafu ifunguke. Wiki nzima iliyofuata nilizunguka naye nyumba kwa nyumba kuwafuata wale ambao hawakuja, nimembebea boksi la chanjo kichwani.

Haya, mwanangu. Ninachokuusia ni hiki. Mashine inapolalamika usiinyamazishe ili upate usingizi wewe. Kuzima na kuwasha siyo dawa, ni kufuta nyayo za mwizi kabla hujajua alikopitia. Ukikuta makosa mengi usishike la mwisho kwa sababu ndilo lenye kelele. Panda mpaka la kwanza, hata kama ni dogo na la aibu, hata kama limeandikwa kwa mkono wako. Na kabla hujaandika jina la mtu kwenye mstari wa sababu, hakikisha umekwisha kulijaribu jina lako. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na kalamu ni ulimi usioweza kumezwa tena.

Karatasi yako iko hapa mezani, sijaisaini na sitaisaini. Mfumo wa laptopu ile uliuweka wewe mwenyewe mwezi uliopita. Nilikuona, ulikuwa na haraka ya kwenda mpirani. Kesho panda gari la asubuhi la Maguu. Ukifika mwamkie mwalimu shikamoo kabla hujagusa chochote chake, umwombe radhi, kisha ukae naye uilaze na kuiamsha mpaka ikuambie ukweli.

Mungu wa baba zetu akupe macho ya kuuona mstari wa kwanza na shingo inayojua kuinama. Akufanye fundi ambaye wazee hulala usingizi kwa sababu yake. Ukirudi na sababu ya kweli nitaisaini karatasi yako kwa mikono miwili, hata kama sababu yenyewe ni wewe.