Mzee wa Kwenye Video

Juzi, nikipumzika shambani, nilisoma kwenye simu kwamba yule mwigizaji wa Kihindi amefariki. Waliandika kwamba alianzia jukwaani akiwa kijana, kisha akazeeka akiigiza baba za watu kwenye filamu.

Mimi nilimfahamu nikiwa mtoto, kwenye kibanda cha video pale kijijini kwetu Nkwenda, kilichonuka jasho na petroli ya jenereta. Mchana mmoja, ndani ya filamu, alipigwa risasi mlangoni kwake, na mtafsiri aliyetugeuzia maneno kwa Kiswahili akatangaza kwa huzuni, "Mzee ametutoka!"

Nilikimbia nyumbani nikilia. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kuona filamu, alikuwa akipalilia maharage migombani.

"Shikamoo bibi. Mzee wa kwenye video amekufa."

"Marahaba. Ameacha watoto?"

"Watatu."

"Maskini." Akaweka jembe chini. Kwetu siku ya msiba hatulimi. Tulikaa kizingitini, moshi wa jikoni ukitupitia, na wala sikuona ajabu.

Baada ya siku chache nilimkuta kwenye filamu nyingine, akiwa hakimu mnene anayecheka. Nikapiga kelele, "Kafufuka!" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Nilipomweleza bibi, alisema tu, "Mungu ni mwema. Haya, chukua jembe."

Bibi naye hayupo siku hizi. Juzi hiyo niliweka simu mfukoni, nikalaza jembe chini. Jirani yangu akaniita kutoka shambani kwake, "Mbona umeacha mapema? Kuna msiba?"

"Upo. Mzee mmoja wa pale Nkwenda."

"Ameacha watoto?"

"Wengi," nikasema.

Naye akalaza jembe lake.