Sala ya Shosho Baada ya Chakula

Kama uliwahi kunywa uji wa shule kwa kikombe cha plastiki kilichoandikwa jina lako kwa msumari wa moto, basi mimi na wewe ni rika moja, na haya nakuandikia wewe. Vijana wa leo watauliza msumari wa moto ulikuwa wa nini. Waache waulize.

Mimi si mwandishi. Niliishia darasa la nane, na Kiswahili changu sasa kimeingiliwa na maneno ya Riyadh, yalla hapa, halas pale. Lakini tangu jambo hili linipate sijatulia, na afadhali niliandike kabla sijaanza kulitia chumvi.

Mimi na binamu zangu tulilelewa Elburgon, kwetu Kenya, karibu na kiwanda cha mbao. Uwanja wetu wa michezo ulikuwa rundo la unga wa mbao nyuma ya kiwanda, refu kuliko nyumba. Tulilipanda na kuteleza kwa magunia, tukirudi nyumbani na unga masikioni, kwenye nywele, hata kwenye sahani ya githeri. Mpaka leo fundi akipasua mbao hapa mtaa wa Suwaidi, Riyadh, ninakoishi, nasimama barabarani navuta pumzi kama mgonjwa.

Aliyetulea ni Shosho, mama yake mama yangu. Alikuwa na ngozi nyeupe-nyeupe na macho ya rangi ya majivu. Alisema baba yake alikuwa Mnorwe, mzungu aliyekuja kunoa misumeno ya kiwanda, akaishi na mama yake, akafa Shosho akiwa bado mdogo. Picha hakuna, karatasi hakuna. Alimwachia jina moja, Haugen, na maneno mawili ya mezani. Jina Shosho alimpa mwanawe wa pili, kwa kuwa desturi yetu mtoto wa pili wa kiume hubeba jina la baba ya mama yake, na midomo ya Elburgon ikaligeuza Hogeni. Huyo ndiye mjomba wangu.

Yale maneno mawili tulipewa sisi sote. Ukimaliza kula hukuruhusiwa kuinuka. Ulifumba macho, ukakunja mikono, ukasema, "Takifomate." Shosho akajibu polepole, "Veribekome." Hapo ndipo ulikuwa huru kukimbia. Tulijua ni sala. Binamu yangu Njeri alikuwa akiongeza "Amina" kwa sauti kubwa, na Shosho hakumkataza.

Siku moja shuleni nilimaliza uji, nikajisahau, nikafumba macho na kusema takifomate. Kiranja akanirukia. Mnakumbuka kile kibao cha kuvishwa shingoni ukikamatwa ukiongea lugha ya mama? Nilivishwa. Mwalimu akauliza, "Ameongea lugha gani?" Kiranja akasema Kikuyu. Wakikuyu wa darasa wakakataa. Wakalenjin wakakataa. Nilikaa na kibao mpaka jioni kwa lugha isiyo na mwenyewe.

Nilipofika nyumbani nalia, Mjomba Hogeni akacheka. "Hicho ni Kiitaliano. Babu yangu alikuwa mfungwa wa vita, wale Waitaliano walioletwa na Waingereza kuchimba barabara. Mama anajipamba tu na huyo Mnorwe."

Shosho alikuwa palepale, anachambua maharagwe. Akaendelea kuchambua. Lakini kuanzia siku hiyo niliona kwamba kila akianza hadithi ya baba yake, kuna mtu anamkatiza, na wa kwanza ni mwanawe. Majirani walimwita mtoto wa mfungwa. Nisimwonee Mjomba: yeye ndiye alinibeba mgongoni hadi hospitali nilipovunjika mkono, na watu walikuwa wamemchosha kwa kumcheka jina. Labda Mwitaliano alikuwa rahisi kueleza. Na mimi pia, niseme ukweli, nilipokuwa msichana nilimwamini yeye, si Shosho.

Basi. Sasa mimi ni mfagiaji wa ofisi mtaa wa Olaya. Mwezi uliopita walikuja wageni wawili wa mradi fulani, wazungu warefu. Mchana mmoja walikuwa wanakula kwenye jiko la ofisi, mzee na mwenzake kijana. Mzee ndiye aliyepika, alikuja na chakula ndani ya kopo. Mimi nilikuwa napiga deki mlangoni, kichwa chini, nafikiria ikama yangu, kile kibali cha kuishi, itatoka lini. Yule kijana akainuka, akasukuma kiti, akasema, "Takk for maten."

Na mimi, bila kufikiri, bila hata kuinua kichwa, nikajibu, "Veribekome!"

Msimamizi wetu aliyekuwa pembeni akanitolea macho. Nikajua halas, basi, kazi imekwenda. Nikaanza, "Samahani sana, sikukusudia..."

"Hapana, hapana," mzee akasema kwa Kiingereza, ameshasimama. "Rudia."

Nikarudia. Mzee akamgeukia mwenzake wakaongea haraka haraka, wanacheka, mmoja ameshika kichwa. Akaniuliza nimefundishwa na nani. Nikamwambia: Shosho. Elburgon. Misumeno. Haugen. Nilivyotaja jina akakaa chini.

Akanieleza kwamba kwao Norwe mtu hainuki mezani bila kumwambia aliyepika maneno hayo. Nikamuuliza, ni sala? Akasema si sala. Ni asante kwa chakula tu. Na jibu lake ni kama kusema karibu, kikufae mwilini.

Jamani! Miaka yote ile tumefumba macho na kumpa Mungu asante ya maharagwe ya Shosho! Nilicheka mpaka nikaegemea fagio la deki, na machozi yakanitoka, sijui ya nini. Msimamizi akasema "yalla, yalla," yaani haya kazini, lakini na yeye alikuwa anatabasamu.

Mzee akaniambia pia kwamba Haugen ni jina la mahali. Watu wa kwao walijiita kwa shamba walilotoka, na hilo maana yake ni kilimani. Vitabu vya makanisa yao, vyenye majina ya waliobatizwa na waliohama, vinaonekana kwenye simu.

Nilimpigia Njeri huko Jeddah, anafanya kazi ya nyumbani mtaa wa Ruwais. "Wee! Acha mchezo!" akapiga kelele, kisha akanong'ona kwa sababu madam wake alikuwa amelala. Yeye alifika kidato cha nne, kwa hivyo kutafuta ni kazi yake. Kila Ijumaa ananitumia sauti: "Nimepata Haugen mwingine, huyu alikuwa baharia. Huyu alikufa mtoto. Hawa watu ni wengi kama akina Kamau!" Wetu bado hatujampata, na huenda tusimpate. Neno si cheti. Lakini Mwitaliano hasemi takk for maten.

Ijumaa iliyopita tuliunganisha simu tatu, mimi, Njeri, na Mjomba akiwa amemshikia Shosho simu. Nikaeleza yote, nikikosea na kurudia.

"Na hilo jina langu?" Mjomba akauliza.

"Kilimani, Mjomba. Unaitwa Kilimani."

Nikamsikia, chini chini, "Mama, kumbe nimekukatiza miaka hii yote bure."

"Na leo unanikatiza tena," Shosho akasema. "Lete hiyo simu karibu."

Sauti yake ilikuwa changa, nawaambia. Nikaruka na swali: Shosho, baba yako alikuwaje? Alicheka vipi? Alikuita nani?

Enzi zetu mtoto hakumhoji mkubwa. Ulijibu ulichoulizwa, ukaondoka. Tunawasema vijana wa leo, hawana haya, wanauliza kila kitu, wanamwekea bibi yao simu mdomoni na kumrekodi akitafuna. Nami huwasema sana. Lakini laiti ningekuwa na utundu wao nilipokuwa na miaka tisa, na Shosho bado ana kumbukumbu nzima.

"Alikuwa akipiga mluzi akinoa misumeno," alisema. Nikangoja. "Mluzi wenyewe umenitoka kichwani. Ungeniuliza ukiwa mdogo, mjukuu wangu. Wakati huo nilikuwa naujua wote."